Kura ya Mdomo na Jina la Baba Mkwe

Katika miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwita baba mkwe wangu kwa jina lake, na hata hapa sitaliandika. Msomaji asidhani ni woga. Ningekuwa mwoga nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Ningekaa kimya pamoja na wakamwana wenzangu, na bomba lingekwenda kwa ng'ombe.

Mimi ni mwalimu wa shule, mzaliwa wa Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, binti wa wakulima wa mahindi. Nyumbani kwetu mtu aliitwa jina lake kama lilivyo, hata padri. Nikaolewa Kasansa, kwenye ukoo ulioshuka na ng'ombe kutoka kaskazini kabla mume wangu hajazaliwa. Kwao mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina, hakai naye mkeka mmoja, hali mbele yake, na wakikutana njiani anapisha pembeni na kuinamisha macho. Maneno yao hupita kwa mtu wa tatu. Baba mkwe akitaka chumvi humwambia mama mkwe, "Mwambie mwalimu alete chumvi," nami nimesimama hatua tatu kutoka pale nasikia kila neno. Nangoja hadi mama mkwe anigeukie na kulirudia ndipo niende. Mwaka wa kwanza nilikuwa naingia jikoni kucheka. Baadaye nilizoea, na baada ya kuzoea nikaona faida yake, maana mwanamume asiyeruhusiwa kukusemesha hawezi pia kukugombeza.

Niliizoea mila hiyo kuliko hata wenyewe. Shuleni ninakofundisha alihamia mwanafunzi mwenye jina lile lile, na mwaka mzima mahudhurio ya darasa langu yalisomwa na kiranja. Mwalimu mkuu alidhani nimekuwa mvivu. Nilimwacha adhani.

Njia ya kufunguliwa ipo. Baba mkwe akiamua, humchinjia mkamwana mbuzi mbele ya ukoo, mbuzi mmoja kwa kila mmoja, na kuanzia siku ile mdomo uko huru. Sisi tulikuwa wakamwana watano kwenye ile nyumba na hakuna aliyechinjiwa hata kuku. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayu, naye hakuwa akimtaja mumewe. Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, baba fulani, miaka yote. Kwa hiyo palikuwa na wanawake sita waliompikia mtu mmoja na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilitoa jina lake mdomoni.

Sasa habari ya maji. Mradi wa bomba ulipofika kwetu, iliundwa jumuiya ya watumia maji, na kila mtu mzima anayechota alikuwa na kura. Mwenyekiti wa kwanza alituongoza vizuri mpaka alipohamia Mpanda mjini kwa wanawe, akaacha kiti wazi. Ukaitishwa uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi. Ungekuwa uchaguzi wa kupiga miayo kama si jambo moja: fundi wa mradi alisema yamebaki mabomba ya kutosha kutoa mkono mmoja zaidi, mmoja tu, na mwenyekiti mpya ndiye angekuwa na neno la mwisho uelekee wapi.

Baba mkwe wangu aligombea, na alisema bila kuficha kwamba bomba litaenda kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, karibu na zizi lake. Si mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ng'ombe wakienda mtoni hupita kwenye majaruba ya mpunga, na kila mwaka tunagombana na wakulima hadi watu wanashikiana fimbo. Birika lingemaliza ugomvi huo. Aliyeshindana naye alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, mwenyeji wa asili wa huku kwetu Mpimbwe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Yeye alisema bomba liende zahanati.

Mimi upande wangu nilikuwa nimeshauchagua miaka mitatu nyuma, kitandani. Zahanati yetu ilikuwa na kitanda, na muuguzi, na mzani, lakini haikuwa na maji. Mjamzito aliambiwa aje na ndoo zake mbili, kama vile anavyoambiwa aje na kanga. Nilipojifungua mtoto wa pili kiangazi kilikuwa kimekaza. Ndoo moja ilipasuka njiani, nyingine iliisha kabla kazi haijaisha. Mayu alitoka saa sita mchana, juani, akarudi kisimani, nami nikabaki nimelala na damu inanikaukia miguuni, namsikia muuguzi akiomba radhi kwa mama mwingine kwamba hana hata ya kunawa mikono. Mayu aliporudi alikuwa anahema mpaka hawezi kusema. Alininawisha, na nilimwona analia. Wakati wa uchaguzi huo mdogo nilikuwa na mimba ya tatu, ya miezi mitano. Kwangu lile bomba halikuwa siasa.

Kwenye mkutano wa maandalizi, mbele ya ghala la kijiji, mtendaji wa kijiji alianza kugawa karatasi za daftari kwa ajili ya siku ya kura, kama tulivyofanya mara ya kwanza. Baba mkwe akasimama, akavua kofia.

"Mara ya kwanza karatasi zilizidi watu," alisema. "Nyie nyote mnakumbuka. Tukahesabu mara tatu. Mimi nasema tupige kura ya mdomo. Kila mtu anakuja mezani, anataja jina la anayemtaka, mtendaji anaandika. Sitaki mtu wa kuonyesha kidole, sitaki mtu wa kusema 'yule pale'. Asiyetaja jina, kura yake hakuna. Sisi ni watu wazima, tunaogopa nini?"

Watu walipiga makofi, maana ni kweli karatasi zilizidi. Lakini mimi nilijua anachokitafuta. Nusu ya kitongoji hulima kwa ng'ombe wake. Msimu ukianza, mtu anakuja pale nyumbani asubuhi kuomba jozi ya ng'ombe na plau, na anapewa. Nani angesimama mbele ya mwenye plau, mwezi mmoja kabla ya mvua, amtaje mtu mwingine?

Niliwahi kusoma kisa kama hicho. Kwenye chuo cha ualimu kulikuwa na kitabu kikuukuu kilichopoteza jalada, na nilikiazima kwa sababu hakikuwa na foleni. Kilieleza chaguzi za mwanzo za bunge kule Australia, enzi bado ni makoloni. Wagombea walipanda kwenye jukwaa la mbao, umati ukawashangilia na kuwazomea, kisha mpiga kura alisogea mezani akamtaja kwa sauti anayemtaka, karani akaandika. Wenye malisho makubwa ya kondoo walikuwa wamesimama pale pale wanasikiliza. Mchungaji wa kondoo aliyelala kwenye kibanda cha tajiri wake alimtaja tajiri wake, na siku iliyofuata akaendelea kulala kwenye kibanda. Wanawake hawakuitwa mezani kabisa, na wenyeji wa asili wa nchi ile, wenye ardhi yao, wengi wao hawakuitwa pia.

Baadaye baadhi ya makoloni yale yakachoka na mchezo huo. Wakaamua serikali ichapishe karatasi zenye majina ya wote, mtu aingie peke yake kwenye kibanda, aweke alama, akunje, atumbukize kwenye sanduku. Nchi nyingine zikaiga, na kwa muda mrefu watu waliiita kura ya Kiaustralia. Kitu kingine kilichonifurahisha ni kwamba mbunge akiteuliwa kuwa waziri ilimbidi aachie kiti, arudi jimboni kwenye uchaguzi mdogo, awaombe upya wale wale waliomtuma. Nilikisoma kitabu kile jioni mbili nikakirudisha. Sikujua kwamba nimekibeba kichwani mpaka Kasansa.

Nikasimama. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na mwanamke mjamzito akisimama mkutanoni watu hunyamaza wakidhani anaumwa.

"Kuna nchi walipiga kura kwa mdomo," nilisema, "wakaona aliye na kondoo wengi ndiye anayeshinda kila mara. Wakaacha. Karatasi zikizidi, dawa ni kuhesabu watu kwanza na kugonga mhuri kwenye kila karatasi. Sio kuwaondolea watu siri yao."

"Nchi gani hiyo?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Australia."

Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Mzee mmoja aliuliza kama nimefika huko kwa bodaboda au kwa miguu. Mwingine akataka kujua kama huko kuna mpunga. Baba mkwe hakucheka. Alimgeukia mume wangu aliyekuwa amekaa kati yetu, akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na mkutano mzima, "Mwambie mwalimu kwamba hapa hakuna kondoo."

Mume wangu alinigeukia. Ni mtu mpole, mwendesha pawatila, trekta lile dogo la kushika kwa mikono, anayependa vitu viende mbele bila kelele. "Baba anasema hapa hakuna kondoo," alisema.

"Mwambie baba nimeona," nilijibu. "Nimeona ng'ombe."

Mume wangu hakulifikisha hilo. Hata hivyo lilikuwa limeshafika. Mtendaji akataka wanaokubali kura ya mdomo wanyooshe mikono, na mikono ikanyooka kama darasa lililoulizwa nani anataka kwenda nyumbani mapema. Nilikaa chini masikio yakiwa ya moto. Nilikuwa na hasira na wao, na hasira na mimi mwenyewe kwa kuwaletea Australia wakati ningewaletea tu zile ndoo mbili.

Siku tatu zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Maziwa yalikuja kama kawaida, lakini yaliletwa yakaachwa mlangoni. Ijumaa mume wangu alikaa kwenye kigoda jikoni, jambo asilolifanya, akawa anavunja vijiti vya kuni kimoja kimoja.

"Kesho sema kama wengine," alisema. "Ni kura moja. Haitabadilisha kitu, na mzee hatasahau."

"Kama haibadilishi kitu, kwa nini asisahau?"

Alivunja kijiti kingine. "Nitalima na nini, mke wangu? Pawatila inataka mafuta. Ng'ombe wake ni bure."

Nilimwonea huruma, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba sitamtaja baba yake hata kama tutalima kwa vijiko. Ni ajabu kwamba tuliongea vile, saa nzima, juu ya kumtaja na kutomtaja, na hakuna kati yetu aliyekumbuka. Mimi niliyemkabidhi kiranja daftari la mahudhurio mwaka mzima, sikukumbuka. Nadhani kitu ukikizoea sana unaacha kukiona, na wote mle ndani tulikuwa tumezoea.

Jumamosi meza ya shule ilitolewa nje ya ghala, mtendaji akakaa na daftari lake, wagombea wawili wakawekwa kwenye viti upande wa kulia na wa kushoto. Mjane alikuwa amevaa kitenge kipya na amefunga mikono kifuani. Baba mkwe alikaa wima, kofia gotini. Wanaume wa kwanza walikuja mezani wakamtaja yeye, wengine kwa sauti ya kujionyesha, wengine wakiwa wanaangalia chini. Wakulima wa mpunga wakamtaja mjane, na niliwaheshimu, maana kila mmoja alimeza mate kwanza. Upande mmoja ukazidi, ukazidiwa, ukazidi tena. Mtendaji alikuwa anatangaza hesabu kila baada ya watu kumi, na watu walianza kusogea karibu.

Ndipo ikafika zamu ya nyumba yetu. Watoto wa kiume wanne walimtaja baba yao, mume wangu akiwa wa mwisho wao. Sikumlaumu. Kaka mwingine alikuwa Kibaoni sokoni na hakuja. Baada yao akasogea mke wa kaka mkubwa, mkamwana wa kwanza, mama mnene mchangamfu anayempenda mzee kama baba yake mzazi. Alifika mezani akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Taja," mtendaji alisema.

"Baba," alisema.

"Baba nani? Mimi naandika jina."

"Baba wa nyumbani. Baba mwenyewe, huyu hapa."

"Mama, kanuni tumeipitisha wenyewe. Jina."

Aligeuka akamtazama Mayu, akatutazama sisi, na nikaona uso wake unavyobadilika kadiri anavyoelewa. Wote tulielewa kwa pamoja. Umati nao ukaelewa, na safari hii kicheko kilianza taratibu, kwa wanawake, kikapanda. Mtu alisema mzee awafungulie hapo hapo, aletewe mbuzi watano. Mwingine akasema yeye anao, atamkopesha.

Baba mkwe alinyanyuka. Nilidhani atafoka. Alingoja kelele zitulie, akaongea na mtendaji peke yake.

"Mila niliyopewa na baba yangu siivunji kwa ajili ya kiti cha bomba," alisema. "Kanuni nimeiweka mimi. Usiwaandike."

Akakaa. Nakiri kwamba wakati ule nilimheshimu kuliko siku nyingine yoyote, na inanikera kukiri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkamwana wa kwanza aliondoka mezani analia. Wa pili akasogea, akainamisha kichwa, akapita. Wa tatu vile vile, na wa nne. Watu walikuwa wanawapongeza kwa minong'ono, kwamba hao ndio wanawake waliofunzwa.

Zamu ikawa yangu. Sitaficha kilichonipita moyoni kwenye zile hatua za kufika mezani: nilikuwa nimepata pa kujificha. Ningeinamisha kichwa kama wenzangu, kura yangu isingeandikwa, mzee asingepata kitu kutoka kwangu, na bado ningesifiwa kwa adabu. Maziwa yangerudi kuletwa hadi ndani. Ng'ombe wa kulima tungepata. Hakuna ambaye angejua nilichonyamazia. Ilikuwa siri nzuri kuliko sanduku lolote la Australia.

Lakini siri ile haikuwa yangu. Ilikuwa imetengenezwa na yeye, kwa bahati mbaya, na ningekuwa nimeingia humo kama kuku aliyekuta banda wazi. Mimi niliitaka siri ili nichague, sio ili nisichague. Nikapiga moyo konde. Nikasimama mbele ya meza, nikatoa mikono kwenye kanga, nikalitaja jina la yule mjane, la kwanza na la pili na la ukoo wake, kwa sauti ninayotumia darasani kwa watoto wa nyuma.

Mtendaji aliandika polepole. Sikumtazama baba mkwe, kwa sababu hata siku ile mila iliniambia niinamishe macho, nami nikainamisha. Nikapita.

Nyuma yangu alikuwa Mayu. Ni mwanamke mwembamba, asiyezungumza kwenye mikutano, ambaye hata salamu huitoa kwa nusu sauti. Alisogea mezani akasimama akishikilia kona ya meza. Mtendaji, kwa heshima, alimwambia, "Mama, wewe pita tu. Tunaelewa."

"Mnaelewa nini?" Mayu aliuliza.

Mtendaji alirudisha kalamu kwenye daftari.

"Huyu baba yenu nimemzalia watoto tisa," alisema. "Sijamtaja na simtaji leo. Lakini huyu mwenzangu," akamwonyesha mjane kwa kidevu, "huyu hajanioa." Na akalitaja jina la mjane. Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa maelezo dukani, "Nimechoka na ndoo."

Baba mkwe alishindwa kwa kura tatu. Msomaji anaweza kuwahesabu mwenyewe wale wakamwana wanne waliotaka kumpa kura na wasiandikwe. Jioni ile pale nyumbani hakuna aliyezihesabu kwa sauti, ila nilimwona mzee amekaa kwenye kigoda chake anakunja vidole vya mkono mmoja, vinne, anavikunjua, anavikunja tena.

Adhabu ilikuja, sitasema haikuja. Msimu ulipoanza jozi za ng'ombe zilikwenda kwa watu wote isipokuwa kwetu. Mume wangu alilima kwa pawatila mpaka mafuta yakaisha, kisha tukashika jembe, mimi na tumbo langu, naye akinung'unika mstari mzima kwamba amemwoa Mwaustralia. Nilimwambia angeweza kuoa kondoo. Akacheka bila kutaka. Mzee naye aliacha kula chakula cha Mayu, kumwonyesha. Mayu alipika siku mbili, akaona sahani zinarudi, siku ya tatu hakupika. Siku ya tano mzee mwenyewe alimtuma mjukuu kuuliza kama kuna ugali.

Bomba lilifika zahanati mwezi mmoja kabla ya siku zangu. Si kubwa: nguzo ya saruji, koki moja, na kibaraza cha kuwekea ndoo. Nilipokwenda kujifungua Mayu alinifuata na ndoo zetu mbili, tupu. Alikuwa anazigonganisha njiani makusudi ili watu wasikie hazina kitu. Mtoto alikuwa wa kiume. Muuguzi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, maji yakawa yanamwagika sakafuni, na nikawa nacheka kitandani kama mwehu, nayasikiliza.

Kutoa jina la mtoto wa kiume, kwenye ukoo ule, ni haki ya babu. Siku ya saba baba mkwe alikuja hadi mlangoni kwetu, mara ya kwanza tangu uchaguzi, akasimama nje na fimbo yake. Alimtazama mtoto mikononi mwa Mayu kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mume wangu, "Mwambie mwalimu mtoto huyu nimempa jina langu."

Mume wangu alinigeukia, akakohoa, akafikisha ujumbe kwa kusema kwamba mtoto amepewa jina la babu. Mzee alikuwa ameshaondoka. Mimi nilibaki nimekaa kitandani na ile zawadi, maana ilikuwa zawadi, na ilikuwa kofi pia. Mama wa ukoo ule akizaa mtoto mwenye jina la mkwe humwita "Baba" hadi mtoto anaota ndevu. Mzee alikuwa ameliweka jina lake pale ninapolala.

Wiki iliyofuata ilikuwa kliniki. Mume wangu alikuwa shambani. Asubuhi nilipotoka na Mayu, tulimkuta mzee njiani, ameelekea huko huko. Alimwambia Mayu ana shida ya dawa ya macho. Alitangulia mbele, sisi nyuma. Tulipofika akakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la muuguzi, na hakuuliza dawa yoyote.

Muuguzi alimpima mtoto, akachukua kadi mpya, akashika kalamu. "Jina la mtoto?"

Mayu alinitazama. Nikamtazama Mayu. Kulikuwa na meza, na daftari, na mtu anayengoja jina, na wanawake wawili wasioweza kulisema. Kupitia dirishani niliona kofia ya mzee imetulia kabisa. Nikajua kwamba hakuna dawa ya macho. Alikuwa anangoja aitwe. Mayu angetoka, angemnong'oneza, naye angeingia polepole na fimbo yake, alitaje mwenyewe mbele ya meza, na mambo yote yangekuwa yamerudi mahali pake.

"Mama, jina," muuguzi alisema. "Foleni ni ndefu."

Mayu alianza kunyanyuka. Nikamshika mkono.

Nikalitaja. Lilitoka vibaya mara ya kwanza, limekwama, kama mlango wa chumba kisichofunguliwa miaka tisa, na muuguzi akasema hajasikia. Kwa hiyo nikalitaja tena, herufi zote, kwa sauti ya watoto wa nyuma. Akaandika. Hakuna mbuzi aliyechinjwa, na paa la zahanati halikuanguka. Mtoto alipiga chafya.

Tulipotoka benchi lilikuwa tupu. Mzee alikuwa kwenye bomba, ameegemeza fimbo kwenye nguzo, ameinama anakunywa kwa kiganja. Alikunywa viganja vitatu au vinne. Kisha akafunga koki, akaikaza vizuri, akajifuta mdomo na kunitazama mimi. Mayu alikuwa amesimama katikati yetu, tayari kupokea ujumbe na kuupitisha.

"Maji haya yana chumvi kidogo," baba mkwe wangu aliniambia.

"Yanatosha, baba," nikamjibu.